Kula Vizuri Ukiwa Safari ya Kikazi, Kuanzia Stendi Mpaka Ukumbi wa Semina

Basi la asubuhi la Mbeya linapotoka stendi ya Magufuli pale Mbezi, wengi waliomo wameamka saa tisa usiku na wameondoka nyumbani bila kutia kitu tumboni. Saa hiyo nani anasikia njaa? Njaa inawakuta Msamvu, Morogoro, mnamo saa nne, na dirishani kuna maandazi, biskuti na soda. Ikitulizwa kwa vitu hivyo inarudi kali zaidi kabla basi halijapanda Kitonga. Likisimama kwa ajili ya chakula, kondakta anatangaza dakika kumi na tano, na kwa dakika hizo chakula kinachotoka jikoni haraka ni chipsi kuku. Usiku, gesti imeshafungwa jiko lake, na taa inayowaka barabarani ni ya banda la chipsi.

Ukiitazama siku hiyo vizuri utaona kwamba abiria huyu hakukaa akachagua chakula hata mara moja. Saa zilimchagulia. Ofisa wa halmashauri, mkaguzi wa hesabu, fundi wa minara ya simu, dereva wa mradi, wote wanaishi hivi wiki nzima, kisha wanaambiwa kliniki kwamba presha imepanda na wapunguze kula. Kupunguza si dawa ya tatizo hili. Dawa ni kula mapema, kabla njaa haijakomaa, ili ukifika mbele ya sufuria za mama lishe uwe bado na akili ya kuchagua.

Alfajiri na kifurushi cha njiani

Kula robo tatu ya saa kabla ya kutoka nyumbani hata kama hamu haipo, na kula kidogo: vipande viwili vya mkate wa brauni vyenye siagi ya karanga, yai moja la kuchemsha, ndizi moja. Kinachotafutwa hapo ni protini na mafuta kidogo pamoja na wanga, kwa sababu vinakaa tumboni muda mrefu. Chai ya rangi yenye sukari vijiko vitatu na andazi itakufikisha Chalinze tu.

Kwa safari inayochukua muda wa saa kumi hadi kumi na mbili, mtu mzima anatosheka na kifurushi hiki: ndizi mbivu mbili, machungwa mawili ambayo hayajamenywa, vipande vinne vya mkate wa brauni, parachichi moja zima, mayai mawili ya kuchemsha yenye maganda, na karanga za kukaanga gramu 60 zilizogawanywa katika vifuko viwili. Ugawe kabla. Gramu 30 za karanga, yaani mkono mmoja usiofurika, zina takriban kalori 170 na protini gramu 7, na zinatuliza njaa. Mfuko mzima ukiwa mapajani mtu anakula huku anatazama video ya basi, na kabla ya Mikumi ameshakula kalori za mlo mdogo. Mayai yawe ya kwanza kuliwa, ndani ya saa mbili, maana joto la ndani ya basi haliyasubiri. Parachichi likatwe wakati wa kuliwa. Kwa safari ya ndege kisu kiende kwenye begi la kupakiwa chini, au uchukue matunda yasiyohitaji kisu.

Wali na nyama kwenye hotipoti ndilo kosa la upendo linalofanywa na familia nyingi. Chakula kilichopakiwa saa kumi alfajiri na kufunguliwa saa saba mchana kimekaa saa tisa, na hotipoti ya kawaida haiwezi kukiweka juu ya nyuzi 60 muda wote huo. Kati ya nyuzi 5 na 60 za Selsiasi bakteria huzaliana kwa raha. Wali una hatari yake ya pekee: kuna bakteria aitwaye Bacillus cereus ambaye mbegu zake hazifi mchele unapopikwa. Wali ukibaki vuguvugu mbegu zinaamka na kutengeneza sumu inayotapisha, na sumu hiyo haiondoki hata wali ukipashwa moto upya. Mchuzi wa nazi nao huchacha upesi. Kama ni lazima kubeba chakula kilichopikwa, chukua chapati kavu au mihogo mikavu ya kuchoma, na ukile kabla ya saa nne.

Karanga zichague kwa macho na ulimi. Iliyokunjamana, yenye rangi ya kijivu au kijani, au chungu, itemwe. Kuvu wa karanga na mahindi hutoa sumukuvu, sumu inayoshambulia ini, na kukaanga hakuimalizi. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa mahindi yenye sumu hiyo. Kwa hiyo nunua karanga zilizokaangwa karibuni, zenye rangi moja.

Maji na kuchimba dawa

Wasafiri wengi, na wanawake zaidi, wanaacha kunywa maji ili wasilazimike kumwomba dereva asimame. Wanafika na kichwa kinachogonga na choo kigumu. Maji hayana haja ya kuachwa, yanahitaji ratiba. Kunywa nusu lita saa moja na nusu kabla ya kuondoka, kisha nenda msalani dakika za mwisho kabisa. Ndani ya basi kunywa mafunda machache kila baada ya nusu saa badala ya kumaliza chupa kwa mkupuo, kwa sababu maji mengi ya mara moja figo huyatoa mara moja. Ukijua basi litasimama wapi, ongeza kiasi saa moja kabla ya pale. Kahawa na chai kali zisubiri mpaka ukaribie kusimama, kwani kwa wengi zinaharakisha mkojo. Chupa inayonunuliwa dirishani ikague kifuniko: utepe wa plastiki uwe mzima na ukatike mkononi mwako.

Anayetumia dawa za presha za kuongeza mkojo, kama vile furosemaidi au haidroklorothiazaidi, mara nyingi huiruka dozi siku ya safari. Akae na daktari wake kabla ya kusafiri wapange saa nyingine ya kumeza siku hiyo. Kuruka kimyakimya kila wiki ni sawa na kutotibiwa.

Mgonjwa wa kisukari anayechoma insulini au kumeza glibenklamaidi ana hatari ya aina nyingine. Dawa hizo zinashusha sukari iwe chakula kimekuja au hakikuja, na basi linaweza kukwama saa mbili kwenye mzani au nyuma ya lori lililopinduka. Asitumie dozi ya kabla ya kula kwa kutegemea chakula cha kituo kijacho. Chakula kiwe mkononi kwanza. Akianza kutokwa jasho jembamba, kutetemeka, moyo kwenda mbio au kuchanganyikiwa, apewe sukari gramu 15: vijiko vya chai vinne ndani ya maji, au soda ya kawaida mililita 150, si ile isiyo na sukari. Wasubiri dakika 15, wapime au waangalie dalili, warudie kama bado. Akipata nafuu ale kitu chenye wanga na protini. Aliyepoteza fahamu asinyweshwe chochote, apelekwe hospitali. Insulini isikae kwenye buti la basi wala kwenye begi lililo karibu na injini. Ibaki naye, kivulini, imefungwa kwa kitambaa.

Sahani ya mama lishe

Hapa ndipo wasafiri wanaojali afya wanapokosea zaidi: wanaogopa genge, wanakimbilia mgahawa wenye vioo. Sahani ya mama lishe ya ugali, maharage, matembele na samaki ni mlo bora kuliko karibu chochote kinachouzwa kwenye kituo cha mafuta. Ina nyuzinyuzi, ina protini mbili, ina mboga za majani zilizopikwa leo. Kasoro yake iko kwenye vipimo. Wali unajaza sahani, mboga ni kijiko kimoja pembeni, na mchuzi unaelea mafuta. Vipimo vinaombwa, na vikiombwa kwa adabu na mapema, kabla sahani haijapakuliwa, hakuna anayekasirika:

“Shikamoo mama. Naomba ugali robo, mboga za majani mara mbili, maharage, na samaki wa mchuzi. Mchuzi wenyewe usinimwagie juu, niwekee kwenye bakuli.”

Maneno hayo ya mwisho yana kazi kubwa. Mchuzi ukiwa pembeni unaacha mafuta ya juu na kuchota chini. Chumvi ya mezani usiiguse, kwani mchuzi wenyewe umeshatiwa chumvi na mara nyingi vidonge vya kiungo ambavyo navyo ni chumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku nzima, yaani kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, na supu ya asubuhi pamoja na soseji inaweza kula sehemu kubwa ya hizo kabla ya mchana.

Genge lichaguliwe kwa saa na kwa ishara. Fika saa sita na nusu, sufuria zikiwa zimeepuliwa sasa hivi. Saa tisa chakula hichohicho kimekaa bila moto. Tafuta mvuke unaopanda mfuniko unapofunguliwa, ndoo ya kunawia yenye koki na sabuni, vyombo vinavyosuuzwa kwa maji yanayobadilishwa, na foleni ya madereva na makondakta, maana wao wanapita hapo kila siku na tumbo lao ndilo mkaguzi. Kachumbari ni nzuri ikikatwa mbele yako kwa nyanya na vitunguu vilivyooshwa. Ile iliyokatwa asubuhi ikaachwa kwenye beseni iache, na limau haliiokoi: asidi yake inapunguza vijidudu lakini haivimalizi. Barafu na juisi ya kuchotwa kwenye ndoo zina maswali yaleyale ya maji. Chai iliyochemka haina shida, ila omba isiyo na sukari utie mwenyewe.

Chipsi mayai, yaani zege, haina dhambi ikiliwa mara moja moja. Shida ni kuila usiku nne mfululizo. Fanya hesabu: gramu 200 za chipsi ni kama kalori 600, mayai mawili 140, na mafuta ya kukaangia zege vijiko viwili vikubwa, kila kimoja kalori 120 hivi. Unakaribia elfu moja, na mboga haimo isipokuwa kabichi mbichi iliyopakwa tomato sosi. Mafuta yenyewe yatazame. Yakiwa meusi, yakitoa povu linalong'ang'ania na moshi mapema, yameshachoka, na hapo ondoka. Kwenye banda hilohilo karibu kila mara kuna njia ya pili: mishikaki minne, ndizi mbili za kuchoma, kachumbari ya kukatwa mpya, au mayai mawili ya kuchemsha. Mpikaji anakuwa na jiko la mkaa tayari, kwa hiyo muda wa kusubiri hautofautiani sana.

Ukumbini

Semina ndiyo sehemu ngumu kuliko njia. Chakula kinakuja bila kuitwa, mara tatu, na mtu amekaa kitini toka asubuhi. Chai ya saa nne ni maandazi, sambusa, soseji na chapati. Saa saba meza ndefu. Saa kumi chai tena na keki. Vikombe viwili vya chai vyenye vijiko vitatu kila kimoja ni gramu 24 za sukari, kijiko kikihesabiwa gramu 4. Soda moja ya kola ya mililita 350 inaongeza gramu 37 hivi. Jumla 61, na Shirika la Afya Duniani linaona ni vema zaidi sukari ya kuongezwa isivuke kama gramu 25 kwa siku. Keki hatujaihesabu.

Kwa mshiriki, njia ni kuchukua sahani moja ndogo saa nne na kuijaza mara moja tu: yai, kipande cha muhogo au kiazi kitamu kama kipo, tunda. Mezani saa saba zunguka kwanza mikono mitupu uone mpaka mwisho wa meza, kwa sababu hoteli nyingi hupanga wali, pilau na chipsi mwanzoni na mboga mwishoni, na sahani hufika kwenye mboga ikiwa imeshajaa. Anzia upande wa mboga. Nusu ya sahani iwe mboga, robo wanga wa aina moja, robo nyama, samaki au maharage. Wanga wa aina tatu kwenye sahani moja ndio unaoleta usingizi wa saa nane ambao watu wanausingizia mtoa mada.

Mwenye nguvu halisi ni anayeandaa semina. Simu moja kwa hoteli, siku mbili kabla, inabadilisha ulaji wa watu arobaini kwa wiki nzima. Agiza magimbi, viazi vitamu na mihogo ya kuchemsha badala ya maandazi na chapati zote. Karanga za kuchemsha na matunda saa kumi. Sukari iwekwe mezani isitiwe jikoni. Maji yawe mezani na soda kwa anayeomba. Mboga za majani aina mbili, moja isiwe ya nazi. Muulize mpishi pia kama anaweza kupunguza vidonge vya kiungo. Magimbi na mihogo havizidi bei ya soseji. Ofisi zinazotuma watu wake kusafiri mwaka mzima zingeandika haya kwenye fomu ya maombi ya ukumbi, pale panapoandikwa projekta na viti.

Chumbani

Birika dogo la umeme kwenye begi linatatua kifungua kinywa na maji ya kunywa. Uliza mapokezi kwanza, gesti nyingine haziruhusu na nyaya zake hazibebi mzigo. Tia oti za kuiva haraka nusu kikombe, gramu 40 hivi, kwenye bakuli, mimina maji yaliyochemka mililita 200, funika dakika tano, koroga maziwa ya unga vijiko viwili vikubwa, katia ndizi, nyunyizia karanga. Chumvi haihitajiki.

Usijaribu hivyo kwa unga wa lishe. Unga wa uji ukimwagiwa maji ya moto unafanya mabonge yenye unga mbichi ndani, na kama una soya ni vibaya zaidi, kwani soya mbichi ina vizuizi vinavyozuia tumbo kumeng'enya protini na huleta gesi na kuharisha. Unga huo unataka kuchemka jikoni ukikorogwa, dakika kumi na tano au zaidi. Kama mwenye gesti anakubali kukupikia alfajiri, mpe unga wako jioni.

Kuna safari ambazo mtu anaweza kula vizuri kuliko anavyokula kwake Dar, kama atakula chakula cha pale alipo. Mwanza na Musoma agiza sato wa kuchemsha au dagaa, Dodoma ugali wa mtama au uwele kwa mlenda, Bukoba ndizi kwa maharage, Moshi mtori, Singida kuku wa kienyeji wa kuchemshwa. Njombe na Rungwe parachichi ni za bei ya kutupa. Muheza machungwa yanauzwa kwa ndoo. Njia ya Lindi na Mtwara ina korosho, ambazo nazo zipimwe kwa mkono mmoja kama karanga. Zanzibar mchana wa Ramadhani migahawa mingi imefungwa, hivyo asiyefunga aandae chakula chake cha chumbani na ale kwa staha ndani, kisha afurahie futari jioni.

Jioni posho ikiwa imetoka, wenzako watataka nyama choma. Kilo moja igawanywe kwa watu wanne, ifuatane na ndizi za kuchoma na kachumbari, na iagizwe saa kumi na mbili na nusu ili iliwe saa moja na nusu. Inayoagizwa saa tatu huliwa saa nne na nusu, na kwenye kusubiri ndipo chupa zinapoongezeka. Bia ya nusu lita ni kalori 200 hivi, na pombe yenyewe huamsha hamu ya chumvi na mafuta.

Tumbo likichafuka

Beba pakiti mbili za ORS, ile chumvi na sukari ya kuchanganya na maji mtu akiharisha, hazichukui nafasi. Soma maandishi ya pakiti ujue ni ya maji lita moja au nusu lita, maana ukikosea kipimo unaongeza chumvi au unaipunguza nguvu. Pakiti zikikosekana, lita moja ya maji safi, sukari vijiko vya chai sita vilivyosawazishwa na chumvi nusu kijiko cha chai. Chumvi isizidi hapo. Kunywa glasi moja kila baada ya choo cha maji, kwa mafunda madogo kama unatapika. Kula kuendelee: wali laini, ndizi, supu nyepesi. Vidonge vya kufunga choo vinavutia sana mtu mwenye tiketi ya basi mkononi, lakini visimezwe kama kuna damu au homa, kwa sababu vinamfungia mdudu ndani. Damu kwenye choo, homa kali, kutapika kusikoruhusu maji kukaa, mkojo uliokauka, au choo cheupe kama maji ya mchele kinachotoka kwa wingi, ni kwenda kituo cha afya saa hiyohiyo, hapohapo ulipo, na safari iahirishwe.